Uzito Bila Maji

"Unga wa samaki hakuna," alisema mwenye duka la vyakula vya mifugo, hata kabla hajasalimiwa.

Baba Chiriku alikuwa bado mlangoni, gunia tupu limekunjwa kwapani. Mbele yake walisimama wafuga kuku wawili, na pembeni mama mmoja aliyekuja kununua pumba. Aliwasalimia wote kwanza, kama alivyolelewa, ndipo akauliza, "Wiki ijayo je?"

"Wiki ijayo hakuna, mwezi ujao hakuna. Utamaliza soli za viatu bure, ndugu yangu. Dagaa wameadimika. Hao wachache wanaosagwa, wenye kuku wameshawawekea oda, gari zima. Wewe unanunua kilo ngapi? Kumi na tano. Tena za kumlisha nani? Majongoo!"

Wafuga kuku wakacheka. Mmoja akauliza kama majongoo hayo hutaga. Baba Chiriku naye akacheka, maana mwenye shida hucheka na wanaomcheka, kisha akaonyesha pipa la bati lililokuwa kwenye kona. "Na lile?"

"Lile ni la mafagio. Unga uliomwagika, umechanganyika na mchanga wa sakafu."

"Majongoo bahari hula mchanga tangu waumbwe. Nitauchukua."

Alipiga magoti mbele ya watu, akaingiza kichwa na mabega ndani ya pipa, akaukwangua unga ule kwa kipande cha boksi. Alipotoka, nyusi zilikuwa zimebadilika rangi na shati lote lilinuka samaki. Mwenye duka alipima kilo nne, akamtoza bei ya kilo nne za unga safi. Yule mama wa pumba aligeuza uso, si kwa dharau, bali kwa kuona haya kwa niaba yake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi njia nzima ya kurudi nyumbani.

Bwawa lake lilikuwa nyuma ya nyumba, mwendo wa dakika tatu, pale ardhi inapogeuka tope la chumvi. Lilikuwa na ukubwa wa kiwanja cha shule, kina cha kiunoni, na mlango wa mbao uliofunguliwa maji ya bahari yalipojaa na kufungwa yalipoanza kupwa. Humo waliishi majongoo bahari mia tatu na themanini, wanene, wasio na macho wala haraka. Asiyewajua angedhani ni matango yaliyosahauliwa majini. Katika nchi za mbali watu huwala, na huwalipia bei ambayo Baba Chiriku alipotajiwa mara ya kwanza aliomba irudiwe.

Sharti la mnunuzi lilikuwa moja: jongoo asipungue gramu mia tatu, na apimwe bila maji. Maana jongoo bahari ni mnafiki wa mizani. Ukimtoa tu bwawani anakuwa amejaa maji tumboni. Ukimlaza kwenye kreti yenye matundu kwa robo saa anayatema, na hapo ndipo unapojua umefuga nini. Kila mtu wa kazi ile anajua kwamba uzito ni ule wa bila maji, na mwingine wowote ni soga.

Miezi mitatu ilikuwa imebaki kabla mnunuzi hajaja. Na wiki hiyohiyo ndiyo mkataba wa Mama Chiriku ungeisha huko ng'ambo, alikokuwa akimtunza bibi kizee asiye wa ukoo wake. Mume na mke walikuwa wameafikiana: majongoo wakifikia uzito, nyumba itakuwa imepata cha kuisimamisha, naye atarudi. Wasipofikia, ataongeza miaka mingine miwili. Na jibu lilitakiwa mezani kwa mwajiri siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya mnunuzi.

Gauni lake la kijani lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Baba Chiriku alikuwa bado analala upande wa ukutani, hajawahi kuvuka katikati ya kitanda hata siku moja. Alimtamani mkewe kwa namna iliyomshangaza mwenyewe. Haikuwa usiku tu. Ilimjia saa nne ya asubuhi, akiwa majini, unyayo wake ulipomgusa jongoo na yeye akataka kumwambia mtu, "Huyu kanenepa." Mkewe ndiye aliyemfundisha kuwahesabu kwa nyayo, mwaka ule walipolichimba bwawa pamoja, akimshika mkono na kumwambia, "Usiangalie chini. Kanyaga taratibu, mwenyewe utamsikia."


Mtaalamu wa ufugaji wa baharini alipita siku ya tatu, kijana mwenye pikipiki na karatasi nyingi. Alisikiliza habari ya pipa, akatikisa kichwa.

"Soya ungeipata?"

"Bei yake imepanda kuliko samaki."

"Basi fuga funza, mzee. Wa nzi weusi, wale wakubwa warefu, si hawa wa chooni. Unawapa maganda na mabaki ya jikoni, wiki mbili wamenenepa. Unawachemsha, unawakausha, unawasaga. Jongoo hajui kama chakula kimetoka kwa samaki au kwa nzi."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Baba Chiriku alinunua mayai ya nzi kwa yule kijana, akapanga mabeseni sita nyuma ya choo, akayafunika kwa vyandarua vya zamani. Tatizo lake halikuwa funza. Tatizo lake lilikuwa mama mkwe.

Mama mkwe alihamia pale siku binti yake alipopanda ndege, ili mjukuu asilelewe na sufuria tupu. Kwa miaka miwili yeye na mkwewe walikuwa wameishi kwa adabu ya kupisha njia: yeye hakukanyaga bwawani, mkwe hakukanyaga jikoni, na walipokutana kibarazani kila mmoja aliharakisha kusalimu. Mtu wa heshima kama yule unamwambiaje habari za funza? Baba Chiriku aliamua asimwambie.

Lakini mtoto hakupewa jina la Chiriku bure. Alikuwa na miaka saba na mdomo usiojua likizo.

"Bibi," alisema wakiwa wanakula, "Baba anafuga funza nyuma ya choo. Wengi! Mmoja nimempa jina."

Mama mkwe aliweka kijiko chini polepole. "Wa kuliwa na nani?"

"Na majongoo, Mama," Baba Chiriku alijibu, akiangalia sahani yake.

"Na majongoo wanaliwa na nani?"

"Na watu wa mbali sana, Mama."

"Afadhali." Akakiinua tena kijiko. "Bora hao kuliko dagaa. Roho ilikuwa inaniuma, samaki wa kufaa watoto wa watu wanasagwa ili mdudu anenepe. Maganda ya jikoni nitakuwekea kwenye ndoo ya bluu. Ila hiyo ndoo isirudi tena ndani."

Ndoo ya bluu haikutosha. Ikabidi aende sokoni kila jioni na toroli, kuokota nyanya zilizopasuka, maganda ya maembe, mboga zilizonyauka. Wauza mboga walimzoea upesi kuliko alivyotaka. "Bwana Funza huyo!" walipiga kelele alipotokea. "Jamani mpeni, wanawe wana njaa!" Siku moja alimkuta pale mwalimu wa Chiriku, mwanamke aliyekuwa akimheshimu, ameshika pua kwa ncha ya kitambaa. Baba Chiriku alisalimia kama kawaida, akainama, akaendelea kuokota. Ya mkewe kurudi yalikuwa makubwa kuliko ya pua ya mwalimu.


Unga wa funza ulipendeza. Ulikuwa wa kahawia, laini, wenye harufu ya karanga zilizoungua kidogo. Kila jioni, saa majongoo wanapotoka mchangani kula, alikwenda kuumwaga bwawani kwa mikono yake miwili, akizunguka ukingo mzima kama alivyoumwaga wa samaki. Asubuhi alikuta maji meupe, hakuna hata chembe.

"Wanamaliza chote," alimwambia mkewe Jumapili, siku ya simu. Mwajiri alimruhusu saa nzima Jumapili, na kidogo jioni za siku nyingine akishamlaza yule bibi.

"Kweli? Hawachagui?"

"Hawachagui. Wana adabu kuliko mwanao."

Mkewe akacheka. Kicheko chake kilikuwa na mkwaruzo mwishoni, na Baba Chiriku aliisogeza simu sikioni ili asikose hata huo mkwaruzo. "Nimeanza kuota harufu ya tope," mkewe alisema. "Huku hakuna harufu. Nyumba inasafishwa mpaka inakuwa kama haijawahi kukaliwa. Niambie, wana uzito gani?"

"Nitawapima."

Aliwapima siku iliyofuata. Alichukua kumi, akawalaza kwenye kreti, akangoja watoe maji. Mizani ilisema mia mbili na kumi na tano. Mwezi uliopita walikuwa mia mbili na arobaini. Akawapima tena. Akachukua kumi wengine, akawangoja, akapata vilevile. Jongoo bahari akikosa chakula hafi haraka. Anapungua, anarudi utotoni gramu kwa gramu, na ukimwangalia huoni kitu.

Alikaa ukingoni mpaka jua likawa kali. Halafu akaingia majini, akatafuta kwa nyayo mpaka akampata mkubwa kuliko wote, akamtoa na kumweka kwenye mizani palepale, maji yamemjaa tumboni. Mia tatu na tano. Aliujua uongo wa namba ile kuliko mtu yeyote. Lakini ilikuwa namba nzuri, na mkewe alikuwa ameanza kuota tope. Akaipiga picha, akaituma.

Jibu lilikuja jioni, la sauti. Hakukuwa na maneno ndani yake mwanzoni, ila pumzi, kisha mkewe akasema, "Mume wangu. Mume wangu." Baba Chiriku aliusikiliza ujumbe ule mara nne, na kila mara ulimchoma.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwa Chiriku. Siku tano baadaye, alipopewa simu amwimbie mama yake wimbo wa shule, aliimba ubeti mmoja, akachoka, akaingia katika habari. "Mama, Baba kampima jongoo na maji yake yote! Mimi nilikuwa pale juu ya ukingo. Maji yakatoka, chwaa, mpaka kwenye suruali. Halafu akakaa chini. Mama, kwa nini Baba anakaa chini peke yake?"

Jumapili ile simu haikuwa na kicheko.

"Bila maji ni ngapi?" mkewe aliuliza.

"Mia mbili kumi na tano."

"Na picha ile?"

"Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi. Wiki nzima nimefurahi. Nimemwambia hata huyu bibi, ambaye hasikii." Nyuma yake mashine ya kufulia ilikuwa ikizunguka. "Ungenidanganya kwa mdomo ningekusamehe, Baba Chiriku, mdomo ni mdomo. Umenidanganya kwa mizani. Mimi huku sina macho mengine. Sasa nikikuuliza tena, nitajuaje?"

"Utajua. Naapa, sitakutajia tena uzito wenye maji ndani."

"Sawa," alisema, kwa sauti ya mtu anayefunga kabati. "Wasalimie."


Kesho yake jioni mama mkwe alikuja bwawani.

Baba Chiriku alimwona akishuka kwa uangalifu kwenye tope, viatu mkononi, akataka kukimbia kumpokea lakini alikuwa na beseni la unga. Hakujua aliweke wapi beseni wala ajifiche wapi mwenyewe.

"Endelea, mwanangu, sikuja kukuzuia. Binti yangu kanipigia simu kwa jirani, analia. Nimekuja kuona kinachomliza."

Akaendelea, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Akautupa unga kushoto, kulia, akazunguka ukingo. Mama mkwe alikuwa amesimama pale kwenye mlango wa maji, ameinama, anachungulia.

"Hawa wadudu wako," alisema, "wanakula juu au chini?"

"Chini, Mama. Hawapandi juu. Wanaramba mchanga."

"Basi hiki chakula cha nani?"

Baba Chiriku akaja, akaangalia. Unga wake wote ulikuwa juu ya maji. Upepo mdogo wa jioni ulikuwa ukiukokota kuelekea kwenye mlango, ukiacha nyuma yake utando wa mafuta, na pale kwenye nyufa za mbao ulikuwa ukipenya na kwenda zake baharini. Wiki tano alikuwa amewalisha samaki wa nje. Unga wa samaki ulikuwa mzito na ulizama wenyewe. Huu wa funza ulikuwa na mafuta, na mafuta hayajawahi kuzama. Yeye alimwaga, akageuka, akaondoka na toroli kwenda sokoni kutukanwa.

"Ukiona vyaelea vimeundwa," alisema mama mkwe. "Ila hivi vyako vimeundwa vibaya."

Alisema vile kwa upole mno hata Baba Chiriku akashindwa kujizuia; alicheka, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akageuza uso kuelekea upande wa bahari. Mama mkwe alimpa muda. Alijifanya anakung'uta tope la mguuni.

"Mimi nimepika miaka arobaini," alisema baadaye. "Unga unaokataa maji unaunguzwa kwanza. Maji ya moto, yanayochemka. Mafuta yanakuja juu, unayaengua. Halafu unaukanda na kitu kizito. Una nini kizito hapa?"

"Tope. Na mwani uliosagwa."

"Wamezoea tope?"

"Ndiko walikozaliwa."

"Basi lete sufuria. Ile kubwa ya jikoni usiiguse."

Tangu jioni ile walikanda pamoja, mama mkwe kwenye kigoda, mkwe amechuchumaa, kati yao beseni. Alimwonyesha namna ya kukaza viganja, namna ya kujua donge limeiva kwa kulibonyeza. Walitengeneza vidonge bapa, wakavitupa kwa hesabu, na vyote vilizama, kila kimoja kikiinua kiwingu kidogo cha mchanga. Majongoo walikuja. Walikuja kwa mwendo wao ule usio na haraka, mpaka mtu angeweza kuota mvi akiwangoja, lakini walikuja, wakaweka midomo yao juu ya chakula na hawakubanduka.

Walizungumza kidogo. Wakati mwingine mama mkwe alisema jambo juu ya binti yake alipokuwa mdogo, kwamba alikuwa hali bila kuimbiwa, kwamba alichelewa kutembea. Baba Chiriku aliyapokea maneno hayo na kuyaweka. Hakuwa amejua kwamba mtu mwingine ndani ya nyumba ile alikuwa akimkumbuka mtu yuleyule kwa kiasi kilekile, chini ya paa moja, kwa miaka miwili, wakisalimiana kwa haraka kibarazani.


Mia mbili thelathini na tano. Mia mbili sitini. Mia mbili themanini na nane. Mkewe hakuuliza uzito tena, naye hakuutaja. Jumapili walizungumza habari za shule ya Chiriku, bati la choo, goti la mama mkwe. Simu ilikuwa ndefu kama zamani lakini kulikuwa na mahali ndani yake ambapo wote wawili walipita pembeni.

Jumatano, siku moja kabla ya ile Alhamisi, Baba Chiriku alitoa majongoo ishirini na kuwalaza kwenye kreti. Hakungoja robo saa. Alingoja nusu saa, akawafuta mmoja mmoja kwa kitambaa kikavu kama watoto waliotoka kuoga. Chiriku alikuwa shuleni. Mama mkwe alisimama pembeni, mikono yake imejaa mwani.

Mia tatu kumi na mbili.

Aliwapima mara tatu. Kisha akapiga picha, ya kwanza ikaharibika, akapiga nyingine, akaandika chini yake: *Wamefika. 312. Bila maji. Usitie saini.*

Akajaribu kupiga, simu ikaita mpaka ikakata. Saa zile mkewe alikuwa kazini, simu ikiwa kwenye droo ya mwajiri.

"Nimtumie na mimi sauti?" aliuliza mama mkwe. "Nimwambie nimeona kwa macho yangu."

Baba Chiriku alikuwa amekwangua pipa mbele ya wafuga kuku. Alikuwa ameitwa Bwana Funza soko zima, ameokota nyanya zilizooza mbele ya mwalimu wa mwanawe. Yote hayo aliyameza. Lakini hili, kwamba mkewe asilikubali neno lake mpaka mama mkwe amsimamie ushahidi, lilimkwama kooni. Alitaka mara hii aaminiwe yeye.

"Hapana, Mama. Asante. Picha inatosha."

Mama mkwe alimwangalia kidogo, kisha akarudi kwenye beseni lake.

Jibu lilikuja Alhamisi alfajiri, la kuandikwa: *Nimeona. Usijali mume wangu. Tuko pamoja.* Baba Chiriku alilisoma akiwa bado kitandani, upande wake wa ukutani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili alinyoosha mkono mpaka upande wa pili, kuupapasa tu, kuona kama shuka limekaa sawa. Asubuhi ile alilitoa gauni la kijani nyuma ya mlango, akalifua kwa mikono yake, akalianika uani. Chiriku aliuliza kama Mama anakuja. Alimwambia anywe chai yake, atachelewa shule.


Mnunuzi alikuja Jumamosi na lori, kreti na mizani yake mwenyewe, maana huyo hakuamini mizani ya mtu. Aliwatoa maji majongoo kwa robo saa kwa saa ya mkononi, akawabonyeza, akapima mmoja mmoja. Waliokataliwa walikuwa kumi na tisa tu.

"Umewalisha nini?" aliuliza. "Huko kwingine kote nakuta vijiti. Unga wa samaki hakuna nchi nzima."

"Funza," alisema Baba Chiriku, na hakuinamisha kichwa.

"Wa kukandwa," aliongeza mama mkwe kutoka kwenye kigoda chake.

Lori lilipoondoka, Baba Chiriku alibaki ukingoni amelowa mpaka kifuani. Bwawa lilikuwa tupu, limechafuka, na lilikuwa zuri kuliko siku yoyote. Simu ikaita. Haikuwa Jumapili.

"Mnunuzi amekuja?" mkewe aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyejiandaa kubembeleza. "Niambie tu, usinifiche. Hata wakiwa wachache. Mimi nimeshatengeneza huku."

"Umetengeneza nini?"

"Saini. Nilitia Alhamisi asubuhi. Miaka miwili si mingi, tumeshaizoea. Mtoto atasoma. Tusigombane, mume wangu. Niambie, amechukua wangapi?"

Baba Chiriku aliangalia gauni la kijani kule uani. Lilikuwa limekauka tangu juzi na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuliondoa kwenye kamba, kwa kuwa lilipendeza pale. Angeweza kusema thelathini. Angeweza kusema amewakataa wote, na mkewe angelala akijua kwamba alifanya vyema. Lakini alikuwa ameapa.

"Mia tatu sitini na mmoja," alisema. "Mia tatu kumi na mbili, wastani. Kwa mizani yake."

Safari hii mashine ya kufulia haikusikika nyuma ya mkewe.

"Nilikutumia picha," alisema. "Jumatano."

"Niliiona," mkewe alisema. "Niliiangalia sana." Pumzi yake ikapanda, ikakwama, ikashuka. "Nilidhani wana maji."

Mama mkwe alikuwa ameinuka kwenye kigoda. Alikuja mpaka ukingoni, akanyoosha mkono wenye tope na mwani kuiomba simu. Safari hii Baba Chiriku alimpa.